Mgagani Kwenye Bustani ya Mawaridi

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Mkaniomba pia niandike kidogo kuhusu kazi yetu ya kupima mbegu, ili hawa walioajiriwa juzi wajue tulikotoka. Nimekaa barazani kwangu hapa Mkonze na daftari la mistari. Nilijaribu kuanza na vyeo, nikaona nasinzia mwenyewe. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, anayevitaka akavisome huko. Mimi nitawaandikia kuhusu mgagani, kwa sababu mboga hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi, na kwa sababu nilikaribia kuimaliza kabisa katika kijiji cha watu.

Nilifika Dodoma nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, natoka Tanga, nina cheti kimoja na sanduku la bati. Upepo wa huko ulinipokea stendi ukanijaza mchanga mdomoni. Kesho yake nikaripoti kituoni. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, dirisha, taa ya mezani, sahani za kioo na rundo la karatasi za kufyonza maji. Nyuma ya meza alikuwa Mzee Yohana, Mgogo wa Mpwapwa, mwembamba, mwenye koti la kazi lililofuliwa mpaka likasahau rangi yake. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanipa kibano na bakuli la mtama.

"Hesabu mia nne," akasema. "Mafungu manne, mia mia."

Nikahesabu. Akatazama tu bila kugusa, akasema, "Rudia." Fungu la tatu lilikuwa na punje tisini na tisa. Sikujua alijuaje. Ilinichukua majuma kadhaa kugundua kwamba alikuwa anaimba kimoyomoyo wimbo mmoja wa kanisani, na beti zake zote pamoja na viitikio vilikuwa sawa na mbegu mia moja kamili, kwa mwendo wa kibano cha mtu asiye na haraka. Mimi nikimaliza kabla ya "Amina" yake, basi nimeiba mbegu. Mimi ni Muislamu wa kuzaliwa, lakini nawaambieni ukweli, mpaka siku ya mwisho ya kazi nikishika kibano midomo yangu ilikuwa inacheza na wimbo wa Mzee Yohana. Mungu anajua ilikuwa kazi tu.

Alinifundisha mengi ambayo hayamo kwenye vitabu vyenu. Kulowanisha karatasi mpaka ukiibonyeza kwa kidole maji yasikusanyike pembeni. Kuandika lebo kwa penseli, kwa sababu wino hukimbia. Kutopiga chafya juu ya mbegu za mchicha. Na kuokota. Punje ikianguka sakafuni Mzee Yohana alisimamisha kila kitu, akapiga magoti, akaitafuta mpaka aipate. Utotoni mwake aliona njaa, alisema.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa aina nyingine. Suruali yake ilikuwa na mkunjo unaoweza kukata mkate. Mapenzi yake yote, baada ya familia yake, yalikuwa kwenye mawaridi aliyoyapanda kuzunguka mlingoti wa bendera. Kila asubuhi aliyakagua kabla ya kutukagua sisi. Kitu kimoja tu kilimkera, nacho ni kwamba bustani ile ilikuwa inaota vitu vya ajabu. Mara mtama, mara tikiti, mwaka mmoja hata alizeti. Aliwalaumu ndege, na aliwalaumu kwa hasira ya kweli, kama watu anaowajua kwa majina.

Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio tulipopewa kazi ya kukusanya mbegu za mboga za asili. Tuzipime, tuziotoshe, tuzizidishe, halafu tuwarudishie wenyewe zikiwa nyingi. Kazi nzuri. Watu wakaanza kuleta mlenda, mnavu, na mgagani. Kwa wale mliozaliwa zama za maduka makubwa, mgagani ni mmea wa kufika kiunoni, majani yake kama kiganja chenye vidole vitano, shina lina manyoya yanayonata, na harufu yake haiombi ruhusa kuingia. Siku ya kwanza ulipoletwa maabara nilitafuta panya aliyekufa chini ya kabati kwa nusu saa. Mzee Yohana aliniacha nitafute. Nilipochoka akaniambia, "Huyo panya wako, mwanangu, ndiye mboga yetu. Ukimla na karanga hutarudi Tanga."

Sasa nifike kwa Bibi Halima.

Alikuja mwezi wa sita kutoka kijijini kwake huko Chemba. Ni watu wa ile lugha yenye milio ya ulimi, na jina la mgagani kwa lugha yao lina mlio ambao nimejaribu miaka yote bila kuupatia. Kiswahili alikizungumza polepole na kwa usahihi, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alibeba kopo la bati lililojaa mbegu, na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi la hindi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Nimeambiwa mnataka mbegu."

Akanieleza kwamba mwaka ule mvua ilikatika mapema kwao. Mgagani wa majirani wote ulikauka kabla ya kukomaa. Yeye alikuwa na mashina kumi na mawili nyuma ya nyumba, akayanywesha kwa kikombe, kila jioni, kwa maji aliyobeba kichwani. Ni mbegu alizopewa na mama mkwe wake siku alipoolewa, na yule naye alizikuta kwa mama mkwe wake. Kijiji kizima kilikuwa kinamngoja yeye msimu ujao.

"Hizi za kopo nimevuna juzi," akasema. Akainua kibuyu. "Na hizi ni za mwaka jana. Hizi ndizo..."

Nilimkatiza. Nilikuwa na cheti, na cheti kilisema mbegu kadiri inavyozeeka ndivyo nguvu yake inavyopungua. "Hizo za zamani hapana, bibi. Hazifai. Sisi tunataka mpya."

Akanitazama. Akaangalia kibuyu, akaniangalia tena. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema. Akaniachia kopo zima, akaweka dole gumba kwenye fomu, akauliza atarudishiwa lini. Nikamwambia kabla ya mvua, na zitakuwa maradufu. Nilimsindikiza mpaka mlangoni nikijiona afisa kwelikweli.

Nikaziweka mbegu zake mia nne kwenye karatasi mbichi, safi, zimepangwa mistari iliyonyooka kama wanafunzi asubuhi. Mbegu za mgagani ni nyeusi na zimejikunja, ukizitazama kwa lenzi utadhani konokono wadogo. Nikazifunika kwa kioo, nikazisogeza dirishani, na jioni nikaziwashia taa ili zisione giza. Siku ya nne, hakuna. Siku ya saba, hakuna. Siku ya kumi na nne konokono wangu walikuwa vilevile, hata mmoja hajatoa pembe. Nikarudia upya na mia nne nyingine, nikazimulika zaidi. Sifuri.

Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Zimekufa.

Utaratibu wa kituo ulikuwa wazi. Mbegu iliyokufa inachomwa moto, isije ikamfikia mkulima kwa makosa. Nikajaza fomu ya kuteketeza, Mkuu akaitia sahihi, Mzee Yohana akalichukua kopo kulipeleka shimoni. Mchana ule niliona moshi nyuma ya stoo. Mkuu akaniita. "Habari hii usiipeleke kwa barua," akasema. "Nenda ukamwambie mwenyewe, na umwombe nyingine."

Nikapanda basi la Kondoa, nikashuka njia panda, nikaazimwa baiskeli na mwalimu wa shule ya pale. Nilimkuta Bibi Halima anapepeta uwele. Alifurahi kuniona, akanitilia uji, akataka habari za wazazi wangu mmoja mmoja, wakiwemo niliowasahau. Uji ulipokwisha sikuwa na pa kujificha.

"Bibi, mbegu zako tumezipima. Zimekufa."

"Zimekufa?"

"Hazikuota hata moja. Mara mbili."

"Mlizipima lini?"

"Mwezi huohuo uliozileta."

Midomo yake ikaanza kutetemeka, nikadhani analia. Kumbe ni kicheko. Aliweka ungo chini akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwezi huohuo! Mwanangu, hizo zimelala. Zinalala mpaka zipigwe na joto la mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Ndiyo maana nilikuja na kibuyu. Zile za kibuyu zingeota wiki ileile."

"Tuliziweka dirishani," nikasema, nikijitetea. "Na usiku tukaziwashia taa."

"Taa!" Akaita mtu upande wa pili wa ua, akasema maneno yenye milio mingi, na huko nako kukapasuka kicheko. "Mtu amelala, nyinyi mnammulika usoni. Mbegu hii inataka giza. Ifukie, iache. Haya, nenda ukazifukie gizani, mvua zikija zitaamka zenyewe. Ziko wapi sasa?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. "Zimechomwa moto, bibi. Mimi ndiye niliyeandika."

Kicheko kikakatika. Jogoo wake alipita kati yetu na hakuna aliyemfukuza.

"Basi zipo zile za kibuyu," nikasema haraka. "Tutaanza na hizo."

"Nilizimwaga," akasema. "Palepale stendi Dodoma, nikingoja basi. Kuku wa watu wakazila. Uliniambia hazifai."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aligeuza ungo, akaanza tena kupepeta, na nikaona anapepeta ungo usio na kitu. Nilipoaga, aliingia ndani akatoka na karanga za kunifungia kwenye ncha ya khanga, kwa kuwa mgeni haondoki kwao mikono mitupu. Zile karanga ndizo zilizonimaliza. Nililia juu ya baiskeli ya mwalimu njia nzima, na mwalimu alipoipokea akaikagua magurudumu akidhani nimeanguka.

Kesho yake nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Yohana. Nilimkuta stoo anakunja magunia. Nikamwambia yote, kulala kwa mbegu, taa, kibuyu, kuku wa stendi, na kwamba ninakwenda kuandika barua ya kuacha kazi kwa sababu kazi ya mbegu hainifai.

Akaendelea kukunja. "Nani amekwambia zimechomwa?"

"Mzee, moshi niliuona."

"Uliona moshi wa magunia." Akaweka gunia chini, akachungulia mlangoni, akashusha sauti. "Mimi nilimwona mama yangu akihesabu punje za mtama kabla hajazitia chunguni. Leo unipe kopo zima la mbegu niligeuze jivu? Mkono unakataa. Tangu nianze kazi hapa sijawahi kuchoma mbegu hata moja. Nazifukia."

"Wapi?"

Akainua kidevu kuelekea mlingoti wa bendera.

Nikakaa juu ya magunia. Mtama, matikiti, alizeti. Miaka yote ile Mkuu anagombana na ndege wasio na hatia, na mhalifu alikuwa akimwamkia kila asubuhi. Nikaanza kucheka na machozi yangu ya jana hayajakauka vizuri. Mgagani wa Bibi Halima ulikuwa umezikwa chini ya mawaridi, gizani, umefunikwa samadi ya mbuzi, yaani umepata malezi bora kuliko niliyoupa mimi na cheti changu.

Furaha hiyo ilidumu mpaka saa nne. Saa nne wakaja vibarua watatu na toroli. Mkuu alikuwa ameamua kuondoa udongo wote wa bustani, kina cha jembe zima, na kuweka mwingine mpya usio na "mbegu za ndege", kwa kuwa wageni kutoka wizarani walitarajiwa kabla ya mwisho wa mwaka.

Nilisimama mbele ya toroli. Sikuwa na mpango wowote, miguu ndiyo iliyokwenda. Vibarua wakaniangalia, wakamwita Mkuu, naye akatoka na ile suruali yake. Nikamweleza palepale mbele ya watu. Nikataka kumwacha Mzee Yohana nje ya habari hii, nikasema nilizimwaga mimi, lakini mwenyewe alikuwa ameshafika nyuma yangu na kofia mkononi. "Binti anasema uongo, Mkuu," akasema. "Ni mimi. Na ule mtama ni mimi. Na matikiti."

Mkuu alitazama mawaridi, akatazama juu ya mti ambako shorewanda walikuwa wanapiga kelele zao.

"Miaka yote nawalaumu ndege," akasema hatimaye.

"Ndiyo, Mkuu."

"Na huyo bibi hana nyingine? Kijiji kizima hakina?"

"Hakina."

Akawaambia vibarua warudishe toroli. Kisha akatunyooshea kidole. Tulipewa mpaka mvua za kwanza zikolee. Zisipoota, udongo unaondolewa na sisi wawili tunaandika maelezo, na mimi, mtu wa majaribio, nilijua maelezo yangu yangeishia wapi. Kwa kweli hilo halikuninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni ule ungo mtupu.

Tukasubiri. Hakuna kazi ngumu kwa mtu aliyesomea kupima kama kusubiri. Mwezi wa nane upepo, mwezi wa tisa upepo na vumbi. Mwezi wa kumi joto likapanda mpaka lami ikalainika, nami nikawa mtu pekee Dodoma anayelishangilia. Kila asubuhi nilipita mlingotini nikiinama kama niliyedondosha sindano. Mkuu naye, niligundua, alianza kuinama. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Mvua ya kwanza ikaja, ikanyesha robo saa, ikaondoka. Hakuna. Ya pili ikaja na radi, ikanyesha mpaka mifereji ikaimba.

Siku ya tano baada ya hiyo, nikiwa maabara, nilisikia jina langu likiitwa kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika pale kituoni. Nilikimbia. Mkuu wa kituo alikuwa amepiga magoti kwenye tope na suruali ya mkunjo. Alikuwa ameweka kidole chake puani.

"Nusa," akasema. "Nilidhani nang'oa majani."

Ilikuwa ile harufu. Panya wangu aliyekufa, mzuri kuliko udi wote wa Tanga. Nikainama nikaona, kati ya mashina ya mawaridi, vijani vidogo viwiliwili vimetoboa ardhi, vingi, vimebanana, vingine bado vimebeba ganda jeusi kichwani.

"Hesabu," Mkuu akasema.

Mzee Yohana akavua kofia, akapiga magoti upande wa pili, na safari hii akaimba kwa sauti. Tulihesabu kwa vidole, beti kwa beti. Wimbo ulipokwisha mara ya nne tulikuwa hatujafika hata kona ya kwanza ya bustani. Tukaacha. Mkuu alikuwa anaitikia viitikio.

Mengine yalikuwa kazi ya raha. Mgagani hauna uvivu ukishaamka. Tulipunguza miche iliyobanana, na ile tuliyoing'oa Mzee Yohana aliipika jikoni kwa kituo. Nimefundishwa hapo, nanyi andikeni: chuma vichipukizi vya juu vilivyo laini kabla ya maua, chemsha kidogo, mwaga maji ya kwanza kama huna mazoea na uchungu, halafu tia karanga zilizotwangwa na maziwa ya mgando, uache moto mdogo ufanye yake. Kwa ugali wa uwele. Wageni wa wizarani walikuja wakakuta bendera inapepea juu ya kichaka chenye harufu kali, na mawaridi machache yanachungulia kwa aibu. Mmoja akauliza. "Ni majaribio," Mkuu akajibu bila kupepesa macho.

Nilimwandikia Bibi Halima kupitia kwa yule mwalimu. Niliandika sentensi moja tu: Njoo, zimeamka. Alifika maganda ya chini yameanza kukauka na vichipukizi vya juu bado laini. Hakuniamkia, hakumwamkia hata Mkuu aliyekuwa amesimama pale kumpokea. Alivua ndala zake, akaingia kati ya mimea, akakwangua shina moja kwa ukucha, akanusa, akafumba macho. Nilipomwambia ni nani aliyezifukia, akamshika Mzee Yohana mkono kwa mikono yake miwili, na wazee wale wawili wakabaki wanatazamana kama ndugu waliopoteana sokoni.

Tulivuna pamoja siku nzima. Alinionyesha mashina ya kuchagulia mbegu, yaliyochelewa kutoa maua, yenye majani mapana na harufu inayokufanya upige chafya. Tukapukuta maganda juu ya khanga, tukapepeta, na jioni zikawa zimelala pale katikati, nyeusi, rundo kubwa kuliko kopo alilotuletea. Akazitia kwenye kibuyu kipya. Kilipofika nusu akaacha, akasukuma zilizobaki upande wangu.

"Jaza, bibi. Zote ni zako."

"Zangu nimechukua. Hizo ni zako wewe."

"Mimi? Mimi niliyetaka kuzimaliza?"

"Wewe," akasema, akiziba kibuyu kwa gunzi. "Mimi nikipoteza, nakuja kwako. Wewe ukipoteza, unakuja kwangu. Tukiwa wawili, ukame utupate wote siku moja? Haiwezekani."

Sikuziweka kwenye stoo ya kituo. Niliomba ruhusa, Mkuu akakubali, nikazitia kwenye kibuyu changu, nikakiweka nyumbani jikoni, gizani, juu kabisa ya meko. Kila mwaka nimepanda, nimevuna, nimebadilisha za zamani kwa mpya. Bibi Halima alinijia mara mbili, mara moja mbuzi walivunja ua, mara ya pili jua. Mimi nilimwendea mara moja, mwaka nilioumwa nikashindwa kupanda, na alinicheka kwanza ndipo akanipa. Mzee Yohana alistaafu akarudi Mpwapwa na kopo lake. Mkuu aliondoka na miche ya mawaridi na, nilimwona kwa macho yangu, bahasha moja mfukoni. Hawapo wote watatu sasa, Mungu awarehemu. Nyinyi mna makabati ya joto na mashine ya kuhesabia, na mnazijua siri za kulala kwa mbegu tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Nafurahi sana. Lakini mkulima akifungua mdomo, nyamazeni amalize.

Nilidhani ningeishia hapo, ila jambo limetokea juzi Alhamisi. Nilikuwa natoa nguo kambani, bodaboda ikasimama, akashuka mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtoto mgongoni, mkononi ana kibuyu. Alikuwa amekwenda kituoni kwanza, wakamwambia nimestaafu, wakamwelekeza Mkonze. Alikuwa na uso mpana wa watu ninaowajua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Akakigeuza kibuyu kunionyesha kwamba ni kitupu.

"Mwaka huu jua limetumaliza," akasema. "Bibi alituambia tangu tukiwa wadogo, tukipoteza tuje kwako."

Nikampokea mtoto, nikamwingiza mama yake ndani akae. Kisha nikaburuta kiti mpaka jikoni, nikapanda, nikakishusha kibuyu changu kutoka juu ya jiko la gesi.